Upande Wangu wa Treni

Mama alizikwa Jumamosi, kwao karibu na Bungoma, na mvua ikatukuta kabla mhubiri hajamaliza. Nilikaa kwenye hema la familia, lakini kiti changu kilikuwa cha pembeni kabisa, kwa sababu watoto wake wengine, wale aliowapata baadaye, ndio waliosimama mbele na picha yake. Bwana wa matangazo akawataja mmoja mmoja na sifa zao, akanywa maji, akapangusa mdomo, kisha akasema, "Na pia kuna Nyambura wa Kitale." Na pia kuna! Utadhani mimi ni sahani iliyoongezwa baada ya wageni kuzidi. Sikulia pale. Nililia baadaye nyuma ya jiko, karibu na rundo la kuni, baada ya Mama Mdogo Nafula, mdogo wake mama, kunishika mkono na kuniambia jambo moja kuhusu siku moja ya zamani. Nitalisema likifika mahali pake. Kwanza nieleze ule mwaka, maana tangu Jumamosi hiyo hauniachi. Hapa dukani kwangu Kiminini mteja anaomba dawa ya kupe, mimi nampimia mbegu za sukuma.

Ulikuwa mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa bure, tukabanana darasani hadi mtu akitaka kuandika lazima mwenzake aondoe kiwiko. Nilikuwa darasa la saba. Mama aliondoka shule zilipofunguliwa tu, baada ya yeye na baba kugombana juu ya jambo ambalo mpaka leo hakuna aliyenieleza likaeleweka. Asubuhi alinimiminia chai, akaniambia anaenda kumwona bibi ambaye ni mgonjwa, akachukua begi lake la maroon, lile ambalo zipu yake ilishikiliwa na pini, akatoka. Nikamwamini. Ndipo siku moja nikawasikia wanawake kwenye mfereji wakiongea. "Yule wa Bungoma si amerudi kwao?" mmoja aliuliza, na mwenzake akajibu, "Si nilisema? Mimi nilisema." Waliponiona na mtungi wangu wakaanza kuongea juu ya bei ya sabuni, tena kwa sauti kubwa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba bibi hakuwa mgonjwa.

Nyumba yetu pale Kitale ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na jiko la nje, nyuma ya soko. Mama alipokuwepo ilikuwa ndogo, tunagongana mlangoni. Alipoondoka ikawa kubwa ya kutisha. Leso yake ya kijani ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na baba na mimi tulikuwa tukifungua ule mlango polepole ili isianguke, bila hata mmoja wetu kusema kwa nini. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Mikono yake ilinuka grisi, na kabichi yake pia ilinuka grisi, na tulikula kabichi kila siku ya Mungu mpaka nikawa naiota. Ugali alisonga wa watu watatu. Hakuwahi kujifunza kupima wa wawili, kwa hiyo uliobaki tuliunywea chai asubuhi, umekauka kando kando, redio ikitusemea yale ambayo sisi wenyewe hatukuwa tunasemezana. Mimi ni mtu wa kuongea, yeyote anayenijua atakuambia. Lakini mwaka ule niliweza kutoka shule, nikapika chai, nikafua, nikalala, na sauti yangu mwenyewe sijaisikia. Nilikuwa mpweke hadi nikawa naongea na kuku wa jirani.

Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu kwa lugha ya kwao, tofauti na ya kina mama, kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Kwetu baba humwita binti hivyo, na mtoto akizoea hulisikia kama jina tu. Mwaka ule halikuwa jina tu. Alikuwa akiniita kutoka sebuleni, "Maitu!", nami nikienda namkuta ameshika spana tu, hana la kuniambia. "Nilitaka kujua kama uko," alikuwa akisema. Niko, baba. Ningeenda wapi?

Kuta za mbao hazifichi neno. Jumapili moja Tata Wairimu, dada yake baba, alikuja kutoka kanisani na sufuria ya githeri, akanituma chumbani nikasome. Nikashika kitabu na kutega sikio. "Sasa wewe utakaa hivi mpaka lini?" alimwuliza baba. "Msichana anakua huyu. Mambo ya wasichana nani atamwambia, ni wewe na hizo spana zako?" Baba akasema alikuwa amemtumia mama salamu kupitia mwanamke mmoja wa sokoni aliyekuwa akienda Bungoma kununua vitunguu, na jibu lilikuwa limerudi: mama angekuja stesheni ya Bungoma Jumamosi, wakati treni inapita. "Nitaenda na mtoto," baba alisema. "Stesheni?" Tata alifyonza. "Si uende kwao kama mwanaume?" Baba akamwambia, "Nikienda kwao ni mkutano. Ndugu zake wote watakalia viti wanihukumu. Stesheni ni sisi tu." Nikasikia kijiko kikikwaruza sufuria, kisha Tata akasema maneno ambayo sijayasahau. "Haya basi. Lakini nisikize. Akikuja na begi, amerudi. Akikuja mikono mitupu, amekuja kukuaga mbele ya mtoto, na wewe utalia pale watu wakikuangalia. Wewe angalia begi." Baba akajibu, "Nitaangalia."

Wiki ile niliomba kwa magoti. Wengine huombea mama zao afya na maisha marefu. Mimi niliombea begi. Mungu, alete begi, hata kama zipu imeharibika kabisa.

Baba alikuwa na ugonjwa wa reli. Yeye na mama walijuana ndani ya treni, zamani wakati treni ya Kitale ingali inabeba watu, na hata ilipoacha kubeba watu ikawa ni mahindi tu, tena kwa nadra, aliendelea kwenda stesheni Jumapili kukaa kwenye jiwe na kuangalia reli. Jumamosi ile tulianzia hapo, alfajiri, mimi nimevaa soksi nyeupe ambazo nilizifua mwenyewe na hazikukauka vizuri. Alinipeleka hadi mahali reli zinapoishia, kwenye mbao nene zilizobabuka rangi, na nyuma yake ni nyasi tu. "Hapa ndio mwisho," aliniambia. "Treni ikifika Kitale haina pengine pa kwenda. Zamani tukifika watu wanamaliza chai yao ndani, wanafunga viatu, wanaamsha watoto. Hakuna mtu wa Kitale alikuwa anakimbilia mlango." Alisema angenionyesha siku hiyo jinsi njia hii yetu inavyotoka hapa nyasini na kwenda kuunganika na ile kubwa, na jinsi ile kubwa inavyofika kwa kina mama. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidogo kidevuni. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, ilikuwa karibu iniogopeshe.

Kisha tulienda kwa matatu tukapanda treni Eldoret, kwa sababu huko ndiko gari la abiria lilikopita kuelekea Malaba mpakani, siku likipenda. Siku hiyo lilipenda, ila kwa kuchelewa. Behewa letu lilikuwa na ujia katikati na viti vya mbao huku na huku, na baba akanikalisha dirisha la kushoto, yeye akavuka akakaa la kulia. Nilitaka tukae pamoja. "Hapana," alisema, "tukikaa upande mmoja tutaona nusu ya safari. Wewe angalia huko, mimi niangalie huku, halafu tuelezane." Basi tukawa tunapigiana kelele juu ya magoti ya watu. "Maitu, huko kwako kuna nini?" Nami nasema, "Ng'ombe, na mtoto amenionyesha ulimi! Huko kwako?" Naye, "Mahindi! Mahindi ya mtu mvivu, yamejaa magugu!" Mwanamke aliyeketi karibu nami, mwenye kikapu cha ndizi, alicheka akasema kwa lafudhi ya Bungoma, "Nyinyi ni kama ledio bana." Akanipa ndizi moja, na nikamega nusu nikampitishia baba kwa mikono ya abiria, ikamfikia imepondeka, akaila vivyo hivyo.

Kule Leseru aliinuka kabisa na kuniita upande wake, mara hiyo moja tu, akanionyesha reli iliyochepuka ikaingia majanini. "Unaona? Hiyo ndiyo yetu. Ukiifuata hiyo unafika nyumbani." Ilikuwa imeota nyasi na kutu, lakini nilifurahi nusura nipige makofi, kama mtu aliyemwona jirani mjini. Kisha Turbo, watu wakipanda na magunia, na mteremko mrefu, na Webuye, ambako harufu ya kiwanda cha karatasi iliingia na kila mtu akaziba pua na kumtazama jirani yake kwa shaka. Nilicheka mpaka machozi. Nikifikiria sasa, zile saa ndizo peke yake katika mwaka mzima ambazo sikuwa mpweke, na nilikuwa nimekaa mbali na mtu wangu, ujia mzima kati yetu.

Baada ya Webuye baba alianza kupangusa kiatu chake kwa kitambaa. Nami nikawa naangalia nguo yangu. Treni ikapunguza mwendo, mwanamke wa ndizi akasema, "Bungoma hiyo," akajitwisha kikapu akashuka. Upande wangu kulikuwa na magodauni na mabehewa ya mafuta yaliyoegeshwa, hakuna mtu. Watu wote, kelele zote, zilikuwa upande wa baba, ambako ndiko kulikuwa na jukwaa, na abiria waliosimama ujiani wakaniziba nisione lolote. "Baba! Huko kwako kuna nini?" Hakugeuka. "Baba! Unamwona mama?" Nilimwona mgongo tu, na shingo yake, na kola ya shati aliyoipiga pasi mwenyewe. "Baba, huko kuna nini?"

"Watu tu," alisema. "Watu tu."

Nikasimama kuvuka, nikiwa na mfuko wetu wa mkate. Aligeuka akanionyesha kwa mkono nikae. "Keti kwanza. Tumefika, haraka ya nini?" Nikaketi. Mtoto wa Kitale, nilijua nini mimi? Treni ikifika imefika, inapumzika. Akainama, akafungua kamba za kiatu, akazifunga tena, polepole sana. Filimbi ikalia. Behewa likashtuka, likaanza kwenda, na magodauni ya upande wangu yakaanza kurudi nyuma. Nikapiga mayowe. Baba akainua kichwa, akasema, "Ala! Kumbe inaendelea?" Behewa zima likaangua kicheko. "Hawa ni wa wapi?" mzee mmoja aliuliza, na alipoambiwa Kitale akapiga paja lake. "Ndio maana! Kwao treni inalala. Bwana, hii haingoji mtu, utaona Uganda leo!" Baba alicheka pamoja nao. Mimi nililia hadi Malaba.

Malaba tuliingia hoteli ya maharagwe na chapati, kando ya barabara ya malori. Nilikula, maana mtoto hula hata akiwa na huzuni. Yeye aliigeuza chapati yake mpaka ikapoa, kisha akanisukumia. Nilimwambia tukimbie turudi Bungoma, mama bado atakuwa stesheni anangoja. "Atakuwa ameshaenda," alisema. "Anajua sisi ni watu wa mwisho wa reli. Atacheka tu." Tulipata lifti ya lori hadi nyumbani, tukapita Bungoma giza likiingia, nikaegemeza uso kwenye kioo nikitafuta mwanamke mwenye begi la maroon chini ya kila taa. Lori halikusimama.

Mama hakutuma tena salamu. Mwaka ukaisha kwa kabichi. Baadaye tukasikia ameolewa kule kwao, na siku ile habari ilipofika baba aliitoa leso kwenye msumari, akaikunja vizuri, akampa Tata. Lakini hadithi ya treni hakuiacha. Aliigeuza kuwa mchezo. Kwenye arusi, kwenye harambee, mtu akisema tu neno safari, baba anaanza: jinsi yeye na binti yake walivyopitishwa Bungoma wakidhani treni imelala, mpaka watu wanatokwa machozi ya kicheko. Nami nilicheka nao, na ndani yangu nilibeba lile jambo kama kosa la ushamba wetu: kwamba tulimpoteza mama kwa kutojua kushuka. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kumtembelea mama mara moja moja, siku moja nikamweleza jinsi tulivyopitishwa. Alikuwa anachambua mboga. Akatabasamu, akasema, "Baba yako na treni zake. Kula, Nyambula." Hakuongeza neno, na hakuongeza mpaka tukamfukia.

Sasa Mama Mdogo Nafula, pale kwenye kuni, mvua ikigonga mabati. "Hamukupitishwa," aliniambia. "Baba yako alimuona. Mimi nilikuwa hapo. Dada alienda mpaka chini ya dirisha na hotipoti ya kuku, akainua mukono. Waliangaliana. Halafu yeye akageuza uso, akainama." Nikamwambia haiwezekani, alikuwa anafunga kiatu. "Eeh," alisema, "alifunga kiatu mpaka treni ikaondoka." Nikauliza kama mama aliniona. Akatikisa kichwa. "Alisema hajui hata kama ulikuwa ndani. Hicho ndicho kilimuuma."

Kisha akaingia ndani, akarudi na begi. La maroon, limepauka, pini ingali kwenye zipu. Nikajua kabla hajafungua mdomo, na bado nikamwuliza lilikuwa wapi siku ile. "Nilikuwa nalo mimi," alisema. "Nimelikalia nyuma ya ofisi ya tiketi, kwa kivuli. Nguo zake zote zilikuwa ndani. Mama yetu alimukataza kulibeba. Alisema mwanamke wa boma hili akirudi kwa bwana yake habebi muzigo mwenyewe kama mutu amefukuzwa huko anatoka. Anasindikizwa. Bwana ashuke, tusalimiane, ndio mudogo wake alete muzigo. Ndivyo sisi tulifanyiwa wote. Kwani kwenu hamujui hiyo?"

Hatukujua hiyo. Kwetu Tata Wairimu alikuwa amesema angalia begi, na baba akaangalia.

Nililiweka lile begi kwenye buti ya gari na kwenda moja kwa moja Kitale, nikiwa na hasira. Nilipanga maneno njia nzima. Baba ni mzee sasa, anaishi peke yake katika ile ile nyumba ya mbao, magoti hayamruhusu hata kufika stesheni. Nilimkuta amevaa shati jeupe, amelipiga pasi mwenyewe, amekaa sebuleni bila redio. Hakuja mazishini, alisema hana mahali pa kukaa kule, na kweli hangekuwa napo. Nilipika chai. Nikasonga ugali, na nilipoupakua nikaona nimesonga wa watu watatu. Tukala. Ndipo nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa na heshima, "Baba, siku ile ya treni. Ulimwona mama?"

Nilidhani angecheka aanze ile hadithi yake. Aliweka kikombe chini, kikagonga meza, chai ikamwagika kidogo, akaanza kuipangusa kwa kiganja. "Hakuwa na begi," alisema. "Nilimwangalia vizuri, Maitu. Mkono mmoja ulikuwa na hotipoti, huo mwingine aliinua. Nikaangalia chini kwa miguu, nikaangalia nyuma yake. Hakuwa na begi. Alikuwa amekuja kuniaga, na wewe umevaa soksi nyeupe. Ningeshuka namna gani?" Alikuwa akilia, baba yangu, kwa sauti ndogo. "Hiyo kitu nimeangalia kila siku," alisema. "Kila siku naangalia tena kama labda lilikuwa hapo sikuliona."

Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yalikuwa mdomoni. Yangetosha, na yalikuwa kweli. Begi lilikuwa nje, mlangoni kabisa, ningefungua buti tu. Nilimtazama na magoti yake na ile meza iliyoloa, nikaona mtu ambaye amebakiwa na sababu moja tu ya kujitetea mbele ya nafsi yake. Nikachukua kitambaa nikapangusa chai.

Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyonipigia juu ya magoti ya abiria, ila sasa imechakaa, "Na huko Bungoma, Maitu, kulikuwa na nini?"

"Watu tu, baba," nikasema. "Watu tu."